Bibi Yangu Asiyejua Kusoma

Mwaka niliomaliza darasa la saba, wakubwa wa kata yetu waligundua mambo mawili: kwamba mimi sikuchaguliwa kwenda sekondari, na kwamba bibi yangu hajui kusoma. La kwanza lilikuwa kweli.

Bibi huyu ndiye aliyemzaa baba yangu na ndiye aliyenilea. Tulipokuwa bado tunakaa kijiji cha zamani, ufukweni, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Kilwa Masoko, alikuwa akisomesha chuo cha Kurani cha wasichana barazani kwake. Nusu ya wanawake wa pale walipita mbele ya kiboko chake. Wenye waume walio mbali walimletea maneno yao, naye akawaandikia barua. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na baba yake, na barua zilifika na kusomwa na kujibiwa. Pia alikuwa na daftari kubwa lenye jalada jeusi, lililoanzwa na baba yake, ambamo aliandika kila mtoto aliyezaliwa pale kijijini, kila ndoa na kila mazishi.

Kisha tukaambiwa ufukweni hakuna maendeleo, yako barabarani. Tukapakiwa kwenye lori, sisi na mikeka yetu na kuku wetu, tukashushwa kwenye kijiji kipya kilichopangwa kwa mistari. Huko tuliwakuta jamaa walioteremshwa kutoka upande wa Kipatimu, wakulima hodari waliokuwa wakiutazama mchanga wetu kwa huzuni. Bibi alisafiri akiwa amepakata sanduku la vitabu vyake. Alipoona nyumba zilivyonyooka, aliuliza kama tumekuja kuishi au kukaguliwa.

Jibu lilikuja upesi. Mwezi haujaisha, akafika mratibu wa elimu ya watu wazima, kijana kutoka bara, shati limepigwa pasi mpaka linakata, kwapani ana bahasha ya fomu. Alikuwa akiandikisha wasiojua kusoma. Akaingia barazani kwetu, akasimama katikati ya mkeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba."

"Unajua kusoma?"

"Najua."

Akampa gazeti. Bibi akaligeuza huku na huku, akamrudishia kwa heshima.

"Herufi hizi zenu sijasomeshwa. Nipe kalamu nikuandikie kwa zangu."

Akaandika mstari mmoja nyuma ya bahasha. Kijana akautazama kama mtu anayetazama nyayo za kuku.

"Hiki ni Kiarabu, bibi. Sisi tunataka Kiswahili."

"Ni Kiswahili hicho. Nimeandika: mgeni huyu amekanyaga mkeka wangu na viatu vyake."

Kijana akashuka mkekani haraka. Lakini fomu ilikuwa na vyumba viwili tu, cha ndiyo na cha hapana, naye hakuwa na ruhusa ya kuchora cha tatu. Akaandika hapana. Hivyo ndivyo bibi yangu, akiwa na miaka sitini na kitu, alivyoingia ujingani rasmi, kwa wino wa buluu na nakala mbili.

Mimi nikapewa kazi ya kumtoa. Kijiji kilikuwa na wahitimu wanne wa darasa la saba, watatu wavulana, nao walikwishatoroka kwenda mjini. Nikapelekwa Masoko kwa mafunzo ya siku tatu. Siku ya kwanza tulisubiri mwezeshaji. Siku ya pili alikuja, akatueleza umuhimu wa kuwahi. Siku ya tatu tulipewa kila mmoja boksi la chaki na kitabu cha kufundishia, tukarudi makwetu tukiwa walimu.

Kitabu kile kilihusu ng'ombe wa maziwa. Wenyewe walikiita kisomo chenye manufaa, maana mtu mzima hasomi upuuzi, anasoma huku akipata ujuzi wa kazi zake. Ila kazi zetu zilikuwa mikorosho, mihogo, ufuta na samaki. Ng'ombe upande wetu hakai, nzi ndorobo wanammaliza kabla hajazoea jina lake. Hata hivyo kila alasiri watu thelathini walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, wakasoma kwa sauti: "Ng'ombe bora ana kiwele kikubwa."

Mzee mmoja wa Kipatimu alinyoosha mkono. "Mwalimu, huyu ng'ombe tutaletewa lini?"

Nikaangalia kwenye mwongozo wa mwalimu. Hakukuwa na jibu. Nikamwandikia mratibu, naye akanijibu kwa maandishi: fuata kitabu. Tukafuata kitabu. Tulijifunza kumwogesha ng'ombe, kumkamua, kumtenga na dume mbaya. Nadhani hakuna kijiji chochote pwani ya Lindi kilichokuwa na ujuzi mkubwa hivyo wa mnyama asiyekuwepo.

Bibi alikaa dawati la mbele. Hakuchelewa hata siku moja, maana hakuwa mtu wa kudharau elimu, hata ikiwa ya kijinga. Nilipofika somo la irabu, akaniuliza mbele ya darasa zima neno hilo "irabu" tumelitoa wapi. Nikasema limo kitabuni.

"Na kitabu kimelitoa wapi?"

Nilijua limetoka kwenye Kiarabu. Mimi mwenyewe nilisomea barazani kwake. Nikafuta ubao uliokwisha kufutwa.

Siku mratibu alipokuja kukagua, aliona kasoro moja kubwa: wanafunzi hawasimami mwalimu akiingia. Akanitoa nje, akaniambia niingie upya, nao wasimame waseme shikamoo mwalimu. Nikaingia. Darasa zima likasimama, watu wa umri wa wazazi wangu, wakaniamkia huku wakitazama sakafu. Sijawahi kuona aibu kama ile. Bibi peke yake alibaki amekaa.

"Bibi, mbona husimami?" mratibu akauliza.

"Nisimame nimwamkie mke mwenzangu?"

Darasa likaangua kicheko. Huku kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, wanataniana kwa huyo mume mmoja ambaye ni babu. Lakini mratibu hakulijua hilo, au hakutaka kulijua. Akaandika kwenye ripoti yake kwamba nidhamu ni hafifu.

Kwa kweli bibi alizijua herufi zetu ndani ya wiki tatu. Nilimkuta nyumbani akisoma mfuko wa mbolea, neno kwa neno, mpaka jina la kiwanda. Nikashangilia. Akanikatiza.

"Zenu rahisi. Chache, na zinaanzia upande usio wake. Usimwambie mtu."

Sikuelewa kwa nini iwe siri. Nikaelewa siku ya mtihani.

Kabla ya mtihani zilikuja fomu nyingine, na safari hii walitaka mwaka wa kuzaliwa wa kila mwanafunzi. Watu wakatazamana. Mmoja alizaliwa mwaka wa nzige, mwingine mwaka wa njaa, na kuhusu njaa ipi wazee hawakuelewana. Ndipo mtu wa kijiji chetu cha zamani akasema, kwani lile daftari si lipo? Mratibu akaja barazani kwetu. Safari hii alivua viatu kizingitini bila kuambiwa. Alikaa mkekani siku mbili, bibi akimsomea kutoka kwenye lile daftari, nani kazaliwa mwezi wa mfungo gani, mwaka gani, mkunga nani, mvua ilinyesha au haikunyesha, na yeye akiandika. Mwenyekiti wa kijiji, naye mzaliwa wa kule ufukweni, ambaye alikuwa akitafuta mke wa tatu na kujitangaza ana miaka arubaini, alitokea kuwa na hamsini na mbili. Bibi alilisoma hilo kwa sauti ya juu kidogo kuliko mengine.

Walipomaliza nikamuuliza mratibu, "Sasa ile hapana si uibadilishe?"

Akanitazama kwa masikitiko ya kweli. "Fomu imeshakwenda wilayani."

Basi siku ya mtihani bibi akaketi dawati la mbele, akasoma maswali kwa makini, akajibu yote. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa siku zote, kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu. Karatasi ikarudi na sifuri kubwa ya duara. Arudie.

"Umefanya makusudi," nikamwambia. Nilikuwa na hasira, maana niliona kama amenidhalilisha mimi.

"Waliuliza kama najua kuandika," akasema. "Nimewajibu. Wao ndio hawakujua kusoma."

Mwaka wa pili ukaanza, na ng'ombe yule yule. Safari hii wilaya ilitangaza kwamba kijiji kitakachofuta ujinga wote, asibaki hata mtu mmoja, kitapewa bendera na redio. Wenzake bibi wote walikwishafaulu, hata yule mzee wa Kipatimu, aliyeandika insha fupi kuhusu ng'ombe wake wa kufikirika. Ujinga wa kijiji kizima ukabaki kwa mtu mmoja.

Mratibu akaja, akavua viatu, akapiga magoti.

"Bibi yangu, nakuomba. Andika kwa herufi zetu. Najua unazijua."

Bibi akanigeukia mimi. Nikaapa sijasema kitu.

"Nitaandika," bibi akasema. "Na wewe utajifunza zangu."

Kijana akacheka, akidhani ni utani. Bibi hakucheka. Basi kuanzia Jumamosi ile, kila wiki, mratibu wa elimu ya watu wazima aliketi barazani kwetu katikati ya watoto wa kike wa miaka saba, akiimba nao alifu, bee, tee, thee. Bibi alimwambia mapema kwamba anamfundisha herufi tu, dini ni shauri yake. Wale watoto walimpita upesi sana. Aliposhindwa kuitofautisha bee na tee, mmoja wao alimwonyesha kwa huruma: moja ina nukta moja chini, nyingine ina nukta mbili juu, mbona rahisi? Siku ya kwanza aliingia kama mkaguzi. Baada ya mwezi alikuwa akisimama bibi anapotoka ndani, akisema shikamoo mwalimu, na hakuna aliyemlazimisha.

Bibi alifanya mtihani na kupata alama zote. Mgeni kutoka wilayani akahutubia saa nzima kuhusu mama huyu aliyetolewa gizani akiwa mtu mzima, huku bibi akimsikiliza kwa upole kama anayesikiliza habari za mtu mwingine. Bendera tulipewa. Redio ilikuja bila betri.

Mwaka uliofuata mratibu alihamishwa, akapelekwa mbali sana na bahari. Mimi nami nikachukuliwa mafunzo ya ualimu, ya kweli safari hii, ya zaidi ya siku tatu. Nilikuwa likizo nyumbani barua yake ilipofika. Nje ya bahasha kaandika kwa herufi zetu, ndani kwa herufi za bibi, ukurasa mzima, mwandiko umepinda kama uzio wa zamani.

Bibi akaisogeza kwenye mwanga. Akasoma mstari wa kwanza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani kuna msiba.

"Kuna nini, bibi?"

Alikuwa akicheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akanisomea: mahali pa kuandika "Shikamoo bibi", kijana wa watu alikuwa ameweka nukta juu badala ya chini, mbili mbili, kwa uangalifu mkubwa, na kilichoandikwa ni "Shikamoo titi".

"Nukta!" akasema akijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Nilimwambia mtoto huyu, nukta!"

Akasoma barua yote hadi mwisho, mara mbili. Ilisema hajambo, ilisema kuna baridi, ilisema watu wa huko wana ng'ombe wengi na kitabu walichopelekewa kinahusu uvuvi. Kisha akaniagiza kalamu ya wino mwekundu, akaisahihisha barua nukta moja baada ya nyingine, akaikunja, na akanituma niirudishe kwa posta.