Panya Weupe wa Mama Tluway

Harufu ya mkojo wa panya, wenzangu, watu wengi huikunjia pua. Mimi hunirudisha Nambis, kijiji nilikozaliwa. Juzi mkwe wangu hapa Gehandu alifungua gunia la maharage, ikapanda ile harufu kali, yenye utamu kidogo kama pombe iliyochacha kupita kiasi, naye akaanza kulaani. Mimi, kwenye kigoda changu, nikaona aibu kama mtoto wa miaka tisa.

Mwalimu wetu, mtu wa pwani aliyeogopa baridi hadi akavaa makoti mawili, alifuga panya weupe wanne ndani ya sanduku lenye wavu. Alikuwa akitufundishia nini sijui, maana mimi shule niliishia darasa la tatu, na nilichobaki nacho ni kusoma kidogo na mwandiko huu wa kuku. Alipohamishwa hakuna aliyewataka. Nikawabeba mimi. Walikuwa na macho mekundu na viganja vidogo kama vya mtu, na nilipowashika walininusa vidole kana kwamba wananiuliza jina.

Baba aliwatazama, akamtazama paka wetu. Akasema, "Mwanangu, huyu namfuga kwa kazi moja tu. Sasa umemletea kazi au wageni?" Mama hakuwa na mzaha. Alisema kesho akiwakuta atawamwagia maji ya moto. Nikazunguka nao kijiji kizima. Mke wa katekista alinifukuza na ufagio. Bibi yake rafiki yangu Paskalina aliwapima uzito kwa mkono, akauliza kama wananenepa.

Ndipo nikakumbuka kwa Mama Tluway.

Huyu alikuwa mjane, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Mwanawe wa pekee, Tluway, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, hata ziwa hajaacha. Siku zile kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa hivyo ilikaa metimani: mwenyewe haendi kwa watu, watu hawaingii kwake, moto haombi, maji anachota mahali pa peke yake, mpaka miezi itimie na nyumba isafishwe. Haikuwa chuki. Watu waliogopa msiba usiwafuate. Wakubwa walimsalimia kutoka njiani, kwa mbali, wakaendelea na safari zao. Sisi watoto tuliambiwa tusikanyage hata kivuli cha ua wake.

Basi akili yangu ikaniambia: pale hakuna paka, hakuna wa kuingia, hakuna wa maji ya moto. Mnaona nilivyopanga? Nilifikiria kila kitu isipokuwa mwenye nyumba. Asubuhi alipokwenda kuchota maji, nikawapitisha mmoja mmoja kwenye tundu la ukuta wa nyuma, pale palipokuwa na kihenge chake cha mahindi.

Kila siku nikipeleka ndama malishoni nilipita pale kuwasikiliza. Siku moja nikasikia mtu anaongea. "Kuleni taratibu," alikuwa akisema. "Wewe mdogo, sogea huku, wenzako wanakumalizia." Nilifurahi, siwafichi. Nikabandika sikio ukutani, na nadhani nilipumua kwa nguvu, maana alinyamaza. Kisha akauliza, "Nani?"

Sikujibu. Akauliza tena, kwa sauti ndogo zaidi. Nikakimbia.

Nyumba yake iliposafishwa, wanawake walikwenda kumwona, nami nikafuatana na mama. Panya walikuwa wamezaana, na kwenye kihenge yalibaki magunzi. Hata mbegu alizoning'iniza juu ya moshi zilikuwa zimeliwa, ikabidi majirani wamchangie za kupanda. Mama alimgombeza, kwa nini hakuwaua? Akacheka kidogo, akasema miezi yote ile ni hao tu walioingia kwake bila kumwogopa. Kisha akashusha sauti.

"Na siku moja alikuja Tluway. Alisimama nyuma ya ukuta, nikamsikia akipumua. Niliuliza nani, hakujibu, maana alikufa hajajua kusema. Lakini kukimbia amejua. Nilisikia miguu."

Wanawake wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa nimeshika nguo ya mama, na neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalimeza.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilipoolewa kuja huku Hanang alinipa kibuyu cha maziwa, akanibariki, na bado sikusema. Wako wanaoniambia nilifanya vizuri, nilimwachia faraja yake. Hapana. Ukweli niliogopa fimbo ya mama, na baadaye nikaona haya, na baadaye akafa.

Muda mrefu nilidhani kosa langu ni yale mahindi. Mpaka nilipofiwa na mwanangu wa kwanza. Desturi ilikuwa imelegea, watu walinijia nyumbani. Walipoondoka wote, nikasikia kishindo mlangoni, nikajikuta nimeuliza, "Nani?" Alikuwa mbuzi tu. Lakini hapo nikajua mtu aliye peke yake huulizaje swali hilo. Hachagui wa kujibu. Yeyote angetosha. Hata mimi ningetosha.