Cherehani Aliyoshinda Mgeni

Mtu akiniuliza kwa nini nilianza kukimbia, namwambia ukweli: nauli. Hao wanaohubiri habari za kipaji na hewa ya milimani sijui wamezitoa wapi. Mimi nilikuwa tarishi katika ofisi moja katikati ya Nairobi, miaka michache baada ya uhuru, na chumba changu kilikuwa Kawangware. Mshahara ukishalipa kodi, ukanunua unga na mafuta ya taa, na kidogo kikaenda kwa Mama kule kwetu magharibi, basi la asubuhi nililiona kwa macho tu. Kwa hiyo nilifunga viatu vya kazi kwenye gazeti, nikavaa raba, nikashuka na Barabara ya Ngong mbio mbio mpaka mjini. Jioni nikaipanda tena. Wenzangu wa ofisini walisema nina wazimu. Wazimu ni kulipa nauli na miguu unayo.

Kilichonisumbua kuliko pesa ni upweke, na sioni haya kusema. Nilikuwa na mke. Nilimuoa kanisani kwetu mbele ya watu, kisha nikamwacha kwa Mama nikarudi kazini, kama walivyofanya wanaume wengi wa kwetu. Nyumbani nilikwenda mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi, na kila Krismasi Mama ananiuliza mjukuu yuko wapi. Jamani! Mjukuu atatoka wapi, atumwe kwa posta? Jioni nilisonga ugali wa mtu mmoja nikala nikitazama ukuta, na ng'ambo ya mabati jirani anacheka na mkewe. Kuna Jumapili nzima niliyoimaliza bila kutamka neno ila "Amina" kanisani.

Mke wangu alijua kushona. Alifundishwa na wamishenari kabla sijamuoa, na mkono wake ulikuwa mzuri, ila cherehani hakuwa nayo, alishona kwa sindano. Tulikuwa na mpango wetu. Siku nikipata cherehani atakuja Nairobi, aiweke kwenye baraza la duka moja pale sokoni Dagoretti, ashone sare za shule na magauni ya wamama, na mapato yake yajazie pale mshahara wangu usipofika. Bila cherehani, kumleta mjini ni kumleta kwenye njaa. Ile tuliyoitaka niliiona karibu kila siku kwenye dirisha la duka moja mjini nikipeleka barua. Nilisimama pale nikaitazama mpaka mwenye duka akanizoea.

Sasa huyo mwenye duka ndiye aliyetangaza mbio. Siku hizo mkimbiaji hakuruhusiwa kupokea pesa. Ukishika hata shilingi unafungiwa mashindano, kwa hiyo zawadi zilikuwa vitu: sufuria, blanketi, taa ya karabai. Yeye akasema wa kwanza atapata cherehani ya miguu, ile ile ya dirishani. Tungeanzia mbele ya duka lake, tupande Barabara ya Ngong mpaka soko la Dagoretti, tugeuke, tumalizie kwenye kiwanja karibu na mtaa wa Woodley. Nilicheka peke yangu barabarani. Hiyo ilikuwa njia yangu ya kila siku! Wapinzani niliwajua wote. Kulikuwa na askari jela, kulikuwa na fundi wa magari, na mchinjaji mmoja wa Dagoretti aliyekimbia vizuri sana siku ambazo hajalewa. Hakuna aliyeninyima usingizi.

Halafu kulikuwa na yule mzungu.

Alikuwa kijana mrefu kutoka nchi za baridi. Mashindano yake makubwa yangefanyika mahali pa juu milimani, ndiyo maana akaja kuzoea hewa yetu. Aliishi Woodley kwa dada yake, ambaye mumewe alikuwa na kazi ya serikali. Asubuhi moja alinikuta pale kwenye maduka ya Adams Arcade, akanifuata nyuma. Siku za kwanza alihema kama ng'ombe aliyesikia harufu ya kichinjio, nikamhurumia, nikapunguza mwendo. Kiswahili chake kilikuwa "habari" na "polepole", na Kiingereza changu kilikuwa cha kupeleka barua, lakini tulielewana. Nilimpenda, wacha niseme. Alikuwa ndiye mtu pekee Nairobi aliyeningojea mahali. Nikichelewa alisimama pale kwenye kona akitazama juu barabarani, nami nikimwona kwa mbali moyo unachangamka. Nilimweleza habari za mke wangu. Za cherehani sikumweleza, maana ukimwambia mgeni shida zako atadhani unaomba.

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo mtatuona wajinga. Kanisani kwetu, na kwenye kila harambee niliyohudhuria, kulikuwa na mnada. Watu wanaleta kuku, mayai, mkungu wa ndizi. Mgeni wa heshima anataja bei kubwa, kuku anakuwa wake, makofi yanapigwa, halafu mgeni anasimama na kusema, "Namrudisha, auzwe tena." Kuku mmoja aliweza kununuliwa mara nyingi na jioni akarudi kulala kwa mama aliyemleta. Sijawahi kuona mgeni akiondoka na kuku wa wenyeji kwapani. Hata mtoto mdogo anajua.

Basi siku ya mbio tulipanda sote pamoja mpaka Dagoretti. Tulipogeuka pale sokoni, yule mzungu akatutoka. Miguu ilikuwa imemkubali, na hewa pia. Nilitaka kumfuata, lakini mchinjaji akasema, "Mwacheni mgeni aende. Sisi tushindanie cherehani." Tukacheka sote tukiwa mbioni. Kwani mgeni atafanya nini na cherehani? Atapigiwa makofi, ataishika, atairudisha. Mimi nikabaki na wenzangu nikitunza nguvu, nilipofika Adams Arcade nikawaacha, nikaingia kiwanjani peke yangu. Mgeni alikuwa ameshafika kitambo. Watu walimpigia makofi ya adabu, lakini mimi ndiye waliyembeba mabegani. Yeye mwenyewe alikuja kunikumbatia.

Kulikuwa na mtu wa kwetu pale aliyekuwa akisafiri kwenda nyumbani jioni hiyo hiyo. Akanivuta mkono. "Basi litaniacha. Nimwambie nini shemeji?"

"Mwambie afunge mizigo aje," nikasema. "Cherehani iko."

Akaondoka mbio. Zawadi zilikuwa bado hazijatolewa.

Mwenye duka akaita jina la mzungu kwanza. Kijana akaja mbele amekuwa mwekundu kwa furaha, akapewa mkono, akaonyeshwa cherehani. Tukapiga makofi tukangoja. Yeye akatabasamu. Tukangoja tena. "Atairudisha, tulieni," mchinjaji akanong'ona. Mzungu na shemeji yake wakaiinua cherehani, mmoja huku na mmoja kule, wakaipakia kwenye gari, wakaifunga kwa kamba. Mimi nikaitwa nikapewa blanketi. Nilitaka kulia, nikapiga makofi. Ningemlaumu kwa lipi? Mshindi ni yule aliyetangulia kufika. Hilo nalo hata mtoto mdogo anajua. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Nilirudi Kawangware na blanketi langu begani nikijiuliza ni mwenyeji gani huyo aliyepona.

Ujumbe nao ulikuwa njiani, na simu hatukuwa nayo. Wiki haikuisha mke wangu akafika. Alikuwa ameuza kuku wake wote kwa nauli. Alibeba furushi la vitambaa na kichupa cha mafuta ya cherehani alichopewa na wale wamishenari, amekifunga kwenye leso kisivuje. Alisimama katikati ya chumba akatazama kona zote nne.

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha blanketi. Nikamweleza yote, mpaka habari ya kuku wa mnada. Alikaa kitandani akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Hata hivyo, siku zile zilikuwa tamu. Nilirudi kutoka mjini nikakuta taa imewashwa. Kulikuwa na mtu wa kuniuliza, "Leo ilikuwaje?" Nilijibu mpaka yeye akasinzia. Lakini unga uliokuwa ukinifikisha mwisho wa mwezi uliisha katikati, na mwenye ploti alipoona sufuria mbili akaongeza kodi, ati chumba sasa kina watu wawili. Tulikubaliana bila kusema: mwezi ukiisha, atarudi kwa Mama.

Mzungu nilikuwa nikimkwepa. Niliondoka mapema kabla hajafika kwenye kona yetu. Asubuhi moja alikuja kunivizia juu zaidi barabarani, akaniuliza kama nimemkasirikia. Nikamwambia kila kitu kwa Kiingereza changu cha barua. Alisimama palepale, uso ukambadilika.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni mgeni," nikasema.

Alikuwa anasafiri siku chache zijazo, na cherehani alishampa dada yake. Zawadi ukishatoa umetoa. Lakini dada hakujua hata kutunga uzi, na alikuwa akitafuta fundi wa kumshonea mapazia na nguo za watoto. Siku ya pili mke wangu akaitwa Woodley. Akakaa mbele ya ile cherehani, akaitia mafuta ya kichupa chake, akashona upindo mmoja, kazi akapewa. Mshahara ulikuwa mzuri na chakula juu yake. Ila fundi alale palepale, kwenye chumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba, na mume haruhusiwi kulala humo. Mapumziko ni Jumapili mchana, kama hakuna wageni.

Ungekuwa wewe ungekataa? Tulikubali. Nilimbebea furushi mpaka langoni. Blanketi nilikuwa nimeliweka juu ili aende nalo, akalitoa akanirudishia.

"Wewe ndiye unalala peke yako," akasema.

"Na wewe je?"

Alinitazama, akaingia, akafunga lango.

Mzungu alikwenda zake, na sijui kama alishinda huko kwenye milima yake. Mimi sikuingia mashindano tena, lakini kila jioni nikitoka kazini nilikimbia, nikaacha barabara kubwa, nikazungukia Woodley. Watu walidhani najiandaa. Cherehani ilikaa kwenye baraza la nyuma, na ukipita karibu na ua wa miba ungeisikia.

Krismasi ilipokaribia, yule mtu wa kwetu alikuja na salamu za Mama. Mama amefurahi sana kusikia tuko wote Nairobi sasa, na anauliza, mjukuu lini?

"Mwambie tunashughulika," nikasema.

Jioni ile nilipofika kwenye ule ua nilipunguza mwendo, nikakohoa kama tulivyozoea. Cherehani ilinyamaza kidogo. Nikasikia sauti ya mama mwenye nyumba akiuliza kitu, na mke wangu akimjibu, "Ndiyo, memsahib." Cherehani ikaendelea, nami nikaendelea.