Kilatini cha Mama

Daftari la mama lilinuka mabibo. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, jalada lake limevishwa gazeti, lakini kwa kuwa msimu mzima lilishikwa na vidole vilivyotoka kunyofoa korosho, kila ukurasa ulikuwa na harufu ile ya utamu unaokaribia kuchacha, na madoa ya kahawia ambayo sabuni haiyawezi. Aliyekaa Newala wakati wa korosho ataielewa harufu hiyo bila maelezo. Huingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye chai. Mimi nikiisikia leo sikumbuki shamba wala magunia. Nakumbuka majina ya mifupa.

Tulikaa Kitangari, na mama alikuwa mhudumu wa zahanati. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuchemsha mikasi, kufua mashuka na kuwashika mikono wanawake waliokuwa wakijifungua. Alikuwa ameifanya kwa miaka mingi kiasi kwamba mganga akitoka, wajawazito walimwita yeye, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko fahari, maana hakuwa amesomea. Mwaka wa daftari hilo mganga akamwandikia barua ya kumwombea nafasi katika chuo kimoja cha uuguzi huko Masasi. Sharti lilikuwa kupita usaili, naye alikuwa ameufikia umri wa mwisho ambao chuo kingempokea. Akishindwa safari hiyo, angebaki na ufagio hadi uzeeni. Alituambia hivyo waziwazi mimi na baba, wala hakulia. Mama hakuwa mtu wa kulia, alikuwa mtu wa kuanza kazi.

Majina ya mwili aliyanakili kutoka kwa sista mmoja mzee wa misheni aliyewahi kufundisha wauguzi. Alipiga mistari kugawa kila ukurasa safu tatu: neno la Kilatini, neno la Kiswahili, na mwisho asili ya lile la Kilatini. Safu hiyo ya tatu ndiyo iliyonikamata. Nilikuwa na miaka kumi, nikiamini kwamba Kilatini ni lugha ya watu wasiokula wala kuoga, kumbe wapi. Mtulinga waliuita clavicula, yaani ufunguo mdogo. Mfupa wa muundi ni tibia, na tibia ilikuwa filimbi. Nyonga ni pelvis, beseni. Msuli ni musculus, panya mdogo, kwa sababu mtu akikunja mkono panya huyo anaonekana akikimbia chini ya ngozi. Nilipofika kwenye patella, kisahani, nikimsomea shambani, nikamwona mama amesita na korosho mkononi. "Wao waliona kisahani," akasema, "sisi tukaona pia ya kuchezea, tukaiita pia ya goti. Sasa nani kamzidi mwenzake hapo?" Akaendelea kuokota, amenyooka mgongo kuliko alivyokuwa. Tangu siku ile sikuyaogopa maneno makubwa ya mtu yeyote.

Basi tukaenda hivyo wiki baada ya wiki. Yeye anainama chini ya mikorosho, ananyofoa korosho na kuitupa ndooni, mimi natembea nyuma yake na daftari, mdogo wangu Issa mgongoni. Nasema neno, ananirudishia mawili. Akikosea, ananiambia nilirudie tukifika mkorosho ujao. Haba na haba hujaza kibaba, na kweli kufikia katikati ya msimu alikuwa na mwili mzima wa binadamu kichwani, kutoka utosini hadi kisigino. Mzima, isipokuwa kurasa nne.

Kurasa hizo nne zilibanwa kwa pini, nami niliamriwa nisiziguse. Kwetu viungo vya uzazi vina mahali pake pa kutajwa. Binti hufundishwa unyagoni, na anayemfundisha ni kungwi, kamwe si mama yake. Mama anayetamka maneno hayo mbele ya mwanawe ambaye hajachezwa unyago anavunja heshima ya nyumba mbili, yake na ya kungwi. Baba asingeweza kumsaidia, kwa kuwa alisoma Kurani tu, chuoni kwa maalim, herufi hizi nyingine zilimpita. Kwa hiyo mama alijisomea mwenyewe jioni, amechoka, na usingizi ukimchukua kwenye mstari wa tatu.

Mimi nilidhani kurasa zile zimebanwa kwa sababu ni ngumu. Nikaona nimsaidie. Siku moja alipokuwa zahanati nikafungua pini, na kwa kuwa mama alikuwa ameandika Kiswahili cha kurasa hizo kwa herufi ndogo za kuvurugavuruga, nikashika Kilatini peke yake. Jioni, kwenye foleni ya ndoo bombani, wanawake wakanitania kwamba mtoto wa Mama Hadija siku hizi anasema Kizungu. Nikawaambia si Kizungu, ni Kilatini, nikasimama juu ya ndoo yangu na kuyatamka yote kwa sauti, neno baada ya neno, kama mtoto anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Wanawake wakapiga makofi. Alikuwapo muuguzi mmoja wa zahanati. Alicheka hadi akaitua ndoo yake chini, kisha akawaeleza wenzake nilikuwa nimetaja nini.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alichukua daftari akalifungia sandukuni, akasema kwa sauti ya chini, "Nimemfundisha mwanangu matusi, na ameyasemea bombani." Nikalia nikiomba radhi, lakini hakuwa ananisikia. Kesho yake hatukusoma. Wala kesho kutwa. Zilibaki wiki mbili kufikia usaili, na baba aliponong'ona kwamba barua ya mganga itaoza bure, mama akamjibu kwamba atafagia, kufagia si dhambi. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia siku zile.

Aliyekuja kututoa ni Bi Somoe, kungwi aliyemfunda mama alipokuwa mwali. Alikuwa mwembamba, mwenye ndonya, lile pambo la kizamani la kutoboa mdomo wa juu, hajui kusoma hata jina lake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaketi mkekani.

"Mwali wangu, nasikia umekataa kwenda."

"Zile kurasa siwezi, Bi Somoe. Na wa kunishikia daftari ndiye huyu, mtoto."

"Wewe mwenyewe umezaa mara ngapi?"

"Mara tatu. Wawili wapo."

"Mficha uchi hazai," akasema Bi Somoe. "Yule wa katikati alikufa kwa nini? Kwa sababu waliokuzunguka hawakujua, na aliyejua aliona haya kusema. Na mimi nilikuwemo."

Sikujua habari za huyo wa katikati mpaka siku ile. Kisha Bi Somoe akauliza kitabu kimeandikwaje, na alipoelezwa safu tatu, akatoa hukumu yake. Kurasa zikunjwe ili safu ya kati ifichwe, na kunjo libanwe kwa pini. Mimi nisome Kilatini tu, maana neno la wageni halina haya. Mama amnong'oneze yeye jibu sikioni. Yakitimia majibu matano, mama afungue kunjo akinipa mgongo, anong'one yaliyoandikwa, na Bi Somoe alinganishe na aliyoyashika kichwani.

Ndivyo tulivyofanya kila alasiri kwa siku kumi na mbili. Yule bibi asiyejua kusoma hakupoteza jibu hata moja. "La kwanza sawa. La pili sawa. La tatu uliniambia kingine, rudia." Safu ya mwisho ilikuwa wazi, kwa hiyo niliona kwamba placenta ni mkate bapa na kwamba kitu fulani kiliitwa ala ya upanga. Nilipouliza ni kitu gani kinachofanana na ala, Bi Somoe alicheka akashika ubavu. "Utaambiwa siku yako," akasema. Alifurahi mno kujua kwamba wenye Kilatini nao walikwepa kwa mafumbo. "Kumbe na wao walikuwa na makungwi."

Siku ya usaili nilifuatana na mama hadi Masasi ili nimshike Issa, aliyekuwa bado ananyonya. Nikakaa naye nje, chini ya dirisha. Msaili alikuwa daktari mzee mwenye sauti ya pole. Mama aliitwa wa mwisho, wenzake wote wakiwa bado ndani, vijana wa kiume watano waliomaliza shule juzijuzi. Mifupa aliijibu haraka, na kwa kila neno akaongeza na asili yake bila kuulizwa, mpaka nikasikia daktari akicheka kwa furaha. Kisha akamuuliza viungo vya uzazi vya mwanamke. Mama akavitaja kwa Kilatini vyote. "Vizuri," akasema daktari. "Sasa vitaje kwa Kiswahili, ueleze kila kimoja kazi yake."

Nikamsikia mmoja wa wale vijana akikohoa. Mama akasema, "Daktari, mgonjwa wangu nitamnong'oneza, kwa sababu ana heshima yake. Lakini hapa umeniuliza ukitaka kujua kama najua. Najua." Akaanza. Alitaja kimoja baada ya kingine, hakupunguza sauti, hakuruka hata kimoja. Nikamziba Issa masikio, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa miwili tu na masikio tulikuwa nayo manne. Ya kwangu yalisikia yote, na kilichonijaa kifuani hakikuwa haya. Kilikuwa fahari, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba mama yangu ni mtu mkubwa.

Alipita. Alisoma, akarudi Kitangari na cheti, akazalisha wanawake wa Newala mpaka alipostaafu. Bi Somoe alikwisha kutangulia mbele ya haki, lakini alizikwa akiwa ameona wajukuu wake wengi wakipokelewa na mwali wake. Nami leo ni mwalimu wa uuguzi. Wanafunzi wangu huyapata maneno yale yote kwenye simu kwa saa moja, pamoja na picha za rangi, na sitawadanganya kwamba mkorosho ulikuwa bora kuliko simu. Lakini nikiwaambia wamweleze mgonjwa kwa lugha yake, wanakimbilia Kilatini na kujificha humo.

Nilidhani mimi si kama wao. Mwezi uliopita binti yangu wa miaka kumi alimpigia bibi yake simu sebuleni, sauti ikiwa wazi, mume wangu akiwa ameketi hapo na mgeni wake, na binti akamuuliza bibi mtoto hutokea wapi. Mimi mwenye shahada mbili ukutani niliinuka haraka niizime ile simu. Kabla sijaifikia, mama alikuwa amekwisha kumwambia mjukuu wake aketi vizuri, nami nikaiacha simu; akaanza kumjibu, kwa Kiswahili, taratibu, hadi akamaliza.