Mkunga na Upepo wa Vilimani

Mkunga mmoja, alipostaafu, alijiunga na darasa la uchoraji ili asishinde nyumbani akigombana na mumewe. Mwalimu akampa aige picha iliyochorwa na gwiji mmoja: vilima na miti wakati wa dhoruba. Akaiga jani kwa jani, ulimi nje kama mtoto wa chekechea.

Mwalimu akaitazama kazi yake. "Mama, miti yote ipo. Upepo je?"

"Upepo unachorwaje, mwanangu?"

"Gwiji hakuhangaika na majani. Tazama mkono wake ulivyopita."

Mkunga akarudi nyumbani amenuna. Akabandika picha ya gwiji kwenye kabati la jikoni, akatandaza karatasi mezani, akachukua brashi pana ya kupakia rangi ukutani, akachora amesimama. Safari hii aliiga mwendo. Mkono ulipita kutoka begani, ukaburuza kijivu juu ya kijani kibichi ambacho hakijakauka, na miti ikainama. Akacheka peke yake, rangi hadi kwenye nyusi.

Mumewe akaingia kutafuta chai, akasimama ghafla. Akatazama kabatini, akatazama mezani.

"Yako haifanani na ile," akasema.

"Najua."

"Ile haikunitia baridi," akasema, akifunga vifungo vya shati.