Maili Sita Mpaka Lamboni

Enzi zetu kutembea hakukuwa na jina. Hakuna mtu wa kijijini kwetu Zagayu aliyeamka asubuhi akatangaza kwamba leo anakwenda kutembea. Ulikwenda lamboni kunywesha ng'ombe, ulikwenda shuleni na jembe begani, ulikwenda kwa mama mdogo kuomba chumvi, na miguu ikakufikisha. Siku hizi, jamani, kutembea kuna sare. Kuna fimbo mbili za kukunja, kuna viatu vya kupandia na viatu vya kupumzikia, kuna chupa yenye mrija, na kuna kijana mwenye kitambulisho shingoni anayekuonyesha namna ya kukanyaga. Mimi nina miaka hamsini na tisa. Nimekanyaga mwenyewe tangu mama yake hajazaliwa.

Nilikwenda kwa ajili ya kaka yangu Masanja, si kwa jambo lingine. Wifi alinipigia simu kutoka Bariadi, mimi nikiwa dukani kwangu Binza, akasema kaka yako juzi ametoka kwenda kunyolewa, akarudishwa na watu. Daktari akaeleza kwamba kusahau kumeanza. Atembezwe, achangamshwe, azungumzishwe mambo ya zamani, maana hayo ndiyo huwa ya mwisho kuondoka. Binti yangu Neema ana wenzake wa ofisini wanaofanya mazoezi pamoja, akasema basi mama, tunakwenda kupanda milima kwenye hifadhi za kaskazini, siku nne, mwongozaji yupo, mlete na mjomba. Kazi yangu ikawa moja tu: kutembea kando ya kaka na kumsimulia utoto wetu, nione kimebaki nini.

Sasa nisikilizeni. Huyo Masanja alikuwa karani wa mizani ya pamba maisha yake yote, na tangu nimjue hajawahi kuniacha nimalize hadithi. Nikisema mvua ilinyesha wiki nzima, yeye anasema siku tano. Nikisema baba alinichapa fimbo kumi, anasema tatu, ya nne ulikwepa. Kwenye harusi, kwenye msiba, mbele ya wageni! Nikisema lambo lilikuwa maili sita kutoka nyumbani, hata kama amesinzia kwenye kiti atafumbua jicho moja aseme, "Nne." Miaka arobaini amenikera hivyo.

Baba alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu, kwa hiyo na mimi nilishikishwa fimbo ya kuchungia. Alfajiri mama alitufungia matobolwa kwenye kitambaa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa mpaka vikawa vigumu, kipande kimoja unakinyonya nusu ya safari. Kibuyu cha maziwa mgando tulibeba kwa zamu, na zamu yangu siku zote ilikuwa ndefu kuliko yake, ingawa yeye angewaambia vingine. Masika ule udongo mweusi wa mbugani ulikuwa unang'ang'ania miguuni, unasimama unaukwangua kwa kijiti, hatua tano mbele umerudi wote. Lamboni tulifinyanga ng'ombe wa udongo wenye nundu na pembe, tukawapiganisha, tukaogelea pale tulipokatazwa, tukarudi na macho mekundu tukiapa kwamba ni vumbi. Mama alituangalia tu, akasema, "Vumbi limewalowesha mpaka nywele?" Watoto wa leo simu ikizima chaji wanajilaza kama wagonjwa.

Jioni ndiyo kulikuwa na mtihani. Baba alisimama kwenye lango la zizi, na alikuwa hataki kabisa ng'ombe wahesabiwe kwa namba. "Usiniambie ishirini na tatu," alisema. "Niambie nani yupo." Ikabidi uwataje mmoja mmoja wanavyoingia: Pembe Moja yupo, Madoa yupo, Mama Mkia yupo, yule anayeburuta mguu yupo. Masanja aliwajua kwa mwendo tu. Hata ukimpa mgongo wa ng'ombe kwenye vumbi zito, anakutajia. Mimi nilikuwa mvivu. Siku moja baba alikuwa kwenye pombe ya jirani, nikahesabu haraka haraka, nikapata ishirini na tatu, nikafunga zizi. Masanja akaja, akatazama mara moja, akasema, "Ndama mwekundu hayupo. Na huyu hapa si wetu, ni wa jirani." Kweli alikuwa wa Mzee Luhende, ameingia na kundi letu. Tukamrudisha kwao mbio mbio, tukakimbia mpaka lamboni, tukamkuta wa kwetu amekwama kwenye tope mpaka kifuani.

Nami tangu siku hiyo naisimulia hadithi hii nikisema Masanja ndiye aliyehesabu vibaya. Nafanya makusudi. Na kila mara yeye anaruka pale pale: "Mwongo! Ni wewe, Kabula!"

Basi tukafika huko milimani. Tulikuwa watu kumi na moja, na mwongozaji wetu, kijana mmoja anaitwa Eliya, na wapagazi wa kubeba mizigo. Enzi zetu anayebebewa mzigo alikuwa bibi harusi au mgonjwa. Eliya hakuwa mtu mbaya, lakini alinichosha. "Taratibu, mama. Kunywa maji, mama. Pumua, mama." Kana kwamba nilikuwa nimeacha kupumua! Wenzake Neema nao wanapanda hatua ishirini wanasimama kupigana picha. Mmoja alishuka akapanda upya kwa sababu kwenye picha ya kwanza alikuwa amefumba macho. Saa nne wakatoa vipande vyao vya kuongeza nguvu, vimefungwa kwenye karatasi za kung'aa, Neema akanionjesha. Matobolwa matupu, tena yaliyokosa utamu.

Lakini aliyenichosha kuliko wote ni kaka. Siku ya kwanza nikaanza, "Kaka, unakumbuka lambo? Zile maili sita?" Akasema, "Eee." Nikasema baba alinichapa fimbo kumi. "Eee, kumi." Nikaongeza, nikasema ishirini, nikasema mvua ya mwezi mzima, nikasema tulikuwa na ng'ombe mia mbili. Eee, eee, eee. Mtu mzima nimepanda mlima na jasho langu kuja kusikia eee!

Siku ya pili nikaitoa ile kubwa. Tumekaa kwenye mawe tunakula, nikawasimulia vijana wote hadithi ya ndama, nikamwonyesha kaka kwa kidole, nikasema, "Na aliyehesabu vibaya ni mzee huyu hapa." Nikamsubiri aruke. Kaka akainamisha kichwa, akasema kwa upole, "Nilikosea. Mnisamehe." Vijana wakacheka. Nilitamani nimchape na zile fimbo za kukunja. "Bisha!" nikamwambia. "Masanja, bisha basi!" Yeye akanikatia nusu ya andazi lake, akanipa. Nikaenda nyuma ya jiwe kubwa, nikasingizia haja, nikalia huko.

Siku ya tatu ukungu ukashuka, na mvua nyembamba, tukavaa makoti ya mvua yenye kofia, yote rangi moja. Eliya alikuwa na desturi ya kutuhesabu kila tunaposimama. Tulipopita njia panda moja na kufika kwenye kibanda cha kupumzikia, akanyoosha kidole: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja. "Tuko kamili, twendeni." Watu wakainuka. Masanja hakuinuka.

"Hatujatimia," akasema.

"Tumetimia, mzee," Eliya akamjibu. "Kumi na moja."

"Usiniambie kumi na moja. Yule binti anayekanyagia kisigino cha kushoto hayupo." Akamgeukia mtu aliyejikunyata kwenye benchi, koti limemfunika mpaka pua. "Na huyu si wetu."

Eliya akacheka kidogo, akamsogelea yule mtu, akamfunua kofia. Alikuwa mmoja wa wapagazi, amekaa kujikinga mvua. Binti aliyekosekana alikuwa Joyce, mwenzake Neema, ambaye tangu jana alikuwa na lengelenge vidoleni mwa mguu wa kushoto. Eliya hakucheka tena. Alirudi mbio na mpagazi mmoja, na baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka wakamleta akitetemeka. Alisimama kufunga kiatu, kunyanyua kichwa hakuona mtu, akashika njia ya pili pale njia panda, na ile njia ilikuwa inaelekea korongoni. Kila mtu akamkumbatia Joyce, kisha kila mtu akamkumbatia kaka. Nami nikajisemea, yupo! Daktari hajui kitu. Mtu ambaye hakumbuki jina la hata mmoja wenu amewajua kwa mwendo, sasa atasahau nini huyu? Nilifurahi mpaka nikamsamehe Eliya habari za kupumua.

Siku ya nne tukashuka hadi lango la hifadhi, jua kali, gari limesimama linatusubiri. Eliya akaanza tena namba zake, kisha akajizuia, akasema kwa heshima, "Mzee, leo tuhesabie wewe." Kaka akafurahi. Akasimama kando ya mlango wa gari, mkono mmoja nyuma, vile vile baba alivyokuwa akisimama langoni. "Kisigino yupo," akasema, Joyce akapanda. "Miwani yupo. Mrefu wa kikohozi yupo. Wa kupiga picha yupo. Huyu wa kike anayeniita mjomba yupo." Neema akapanda. Nikabaki mimi.

Akaniangalia. Akaniangalia miguu, akaniangalia uso, akarudi miguuni tena.

"Huyu si wetu," akasema. "Ni wa jirani. Arudishwe kwao mapema, wasije wakahangaika kumtafuta."

Mle ndani ya gari vijana wakacheka, wakadhani ni utani wa wazee. Neema hakucheka. Mimi hasira zangu zote za siku nne zilinikimbia, na natamani zingebaki, maana mtu akiwa na hasira ana kitu cha kushika. Enzi zetu aliyepotea tulijua pa kumtafuta: unarudi lamboni, unaangalia kwenye tope, unamvuta. Siku hizi aliyepotea anasimama mbele yako na viatu vizuri miguuni, anakukatia nusu ya andazi lake, na hujui urudi njia ipi.

Nikamshika mkono. "Ni kweli," nikamwambia. "Basi nirudishe, kaka. Kwetu si mbali. Kutoka lamboni ni maili sita tu."

Akanishika vizuri, kama mtu aliyekabidhiwa cha wenyewe. Tukapanda gari, tukakaa, akanifunga mkanda, akatazama dirishani muda mrefu. Gari likaondoka.

"Nne," akasema.

Enzi zetu ningebishana naye mpaka jua lizame.

"Nne," nikasema.