Jogoo wa Wageni

Juzi nilikwenda Rudewa kuzika, nikapitia pale ilipokuwa nyumba ya Bibi. Pamelimwa mahindi. Nilizunguka kwenye matuta nikitafuta walau figa moja la jikoni, sikuliona.

Hapo ndipo Bibi alipotulea mimi na mdogo wangu wa kike, mama yetu alipofariki. Tulipalilia mashamba ya watu tupate unga. Masika, kabla mahindi hayajakomaa, tulikunywa uji wa chumvi tukalala. Njaa yetu Bibi hakutaka ivuke kizingiti. "Siri ya mtungi aijuaye kata," alikuwa akituambia.

Basi ikatangazwa kwamba kaya zisizojiweza zitapewa ruzuku, na mabibi wanaolea wajukuu wataangaliwa kwanza. Wageni kutoka wilayani wangepita nyumba kwa nyumba kujionea. Jirani yetu akamnong'oneza Bibi asifagie, atuvalishe matambara ya shamba. Bibi alichukia kweli.

"Wageni waje wakute jaa kwangu? Kwani nimekufa?"

Tukabeba udongo mweupe, tukasiriba nyumba ikang'aa. Akaazima viti na mchele kwa jirani huyo huyo, akachinjisha jogoo wake wa pekee. Harufu ya ule mchuzi naisikia mpaka leo. Wageni walikula wakashiba, wakamsifu. Kisha mmoja akauliza, "Bibi, chakula kinatosha hapa nyumbani?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Hatujalala njaa."

Mimi nilitazama chini. Mdogo wangu, mtoto asiyejua lolote, alikuwa anafyonza mfupa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi hatukupona. Majina yaliposomwa kwenye mkutano wa kijiji, la Bibi halikuwamo. Yule anajiweza, walisema. Hasira ile ninayo hadi leo, na sijui nimkasirikie nani.

Masika yaliyofuata Bibi alishindwa kutulisha. Shangazi akaja kutoka Mikumi, akamchukua mdogo wangu akamsaidie kwenye mgahawa wake wa barabarani, shule ingefuata baadaye. Haikufuata. Aliosha sahani za wasafiri mpaka akawa mtu mzima. Asubuhi ile Bibi alimpaka mafuta miguuni, akampakia kwenye bodaboda na shangazi, kisha akachukua jembe akaenda kulima kwa watu.

Nilipotoka kuzika nilipita Mikumi. Mdogo wangu alinipokea vizuri, akanipikia. Miaka yote ameamini kwamba Bibi alimchoka, basi nikamsimulia habari ya jogoo, ajue kwamba alipendwa, ni njaa tu iliyomtoa nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya beseni la vyombo.

"Dada," akasema, "mimi ningekuwa Bibi, ningewaambia wale watu wanangu wana njaa."

Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote duniani, na sikupata la kumtetea.