Njia ya Baiskeli Niliyoikagua kwa Mbali

Nimekana kwa miaka mingi, na shahada niliyopata baadaye haijanipunguzia aibu: ni mimi niliyeandika kwamba njia ya msituni ya kwenda Mwenga inafaa baiskeli.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani katika ofisi ya watalii, Bukavu. Nilitumwa kuikagua njia hiyo isiyo na magari. Niliishia ukingoni mwa msitu, nikaona alama za magurudumu matopeni, nikatosheka.

“Mademoiselle, zile velo watu wanasukumaka tu, na ndizi juu,” alinionya Papa Bisimwa, tarishi wetu wa mlangoni, aliyeziita baiskeli velo. “Kupanda, hapana.”

“Papa, weye ulipandaka velo lini?” nilimcheka.

Watalii wawili, mtu na mkewe, walikwenda na karatasi yangu. Siku ya tatu tukasikia wamebeba baiskeli mabegani, mlima kwa mlima. Bosi alipouliza, nilimtaja Papa Bisimwa kuwa ndiye aliyenihakikishia njia. Akaambiwa arudishe sare. Alianza kufungua vifungo, nami nikaitazama mashine yangu ya kupiga chapa.

Simu ikalia. Alikuwa yule mtalii. Bosi alisikiliza, kisha akarudia polepole, macho kwangu: “Kwa hiyo mzee wa mlangoni aliwaonya, ninyi mkaamini karatasi ya mademoiselle.”